Zahanati Iliyozinduliwa Mara Tatu

Kuna watu wachache ambao serikali ikimwaga hela, zinawarukia mpaka miguuni. Mzee Nukta alikuwa mmoja wao, na jambo hilo lilimnyima raha kuliko wale ambao haziwafikii kabisa.

Alikuwa mchonga maandishi kwenye mawe. Ukifa, yeye ndiye anayekuandika. Ukifungua duka la dawa, shule au ofisi ya wakili, yeye ndiye anayekutangaza ukutani. Alitoza kwa herufi. Kila herufi ilikuwa na bei yake, tarakimu nusu bei, na nukta ya mwisho aliitoa bure. Alikuwa akiwaambia wafiwa kwamba hiyo ni zawadi yake kwa marehemu, huku anaigonga kwa tindo taratibu kama mtu anayebisha hodi mlango wa wakwe. Ndipo likazaliwa jina la Nukta, na lile alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye kitambulisho, likitoka siku za ukaguzi tu.

Utaratibu huu wa kulipia herufi uliwafundisha watu kufupisha huzuni. Kuna marehemu mmoja ambaye asubuhi alikuwa baba, babu, mwalimu na rafiki wa wote. Wanawe waliposikia bei, mchana akawa baba na mwalimu, na jioni walipokuja kulichukua jiwe alikuwa amebaki baba. Nukta aliwaongezea "mwalimu" bila malipo, kwa sababu marehemu ndiye aliyemfundisha kusoma.

Huyo mwalimu pia ndiye pekee ambaye hakumchapa kwa kuandika kwa mkono wa kushoto. Mkono huo ndio ulimpa namna yake ya kazi. Alichonga akianzia herufi ya mwisho, akirudi nyuma kuelekea ya kwanza, ili kiganja cha kulia kilichoshika tindo kisifute penseli. Maana yake ni kwamba akiwa kazini hakuwa anasoma neno. Alikuwa anaona A, kisha W, kisha I, kila moja na kona zake. Kwa hiyo alijiwekea sheria kwamba akishaandika kwa penseli, kabla tindo halijagusa kitu, mkewe apite asome kwa sauti. Mkewe alifanya kazi posta miaka kumi na tisa na alikuwa na jicho la kuona koma iliyopinda kutoka ng'ambo ya barabara.

Makaburi yaliwapa chakula. Mabati ya nyumba yalitoka serikalini.

Ofisi ya wilaya ilikuwa na ugonjwa wa kuzindua. Kisima kimoja kilizinduliwa, kikakauka, kikazinduliwa tena kama sehemu ya kutupia taka. Choo cha soko kilizinduliwa kwa siku mbili, upande wa wanaume Alhamisi na upande wa wanawake Ijumaa, kila upande na mgeni rasmi wake, hema lake na keki yake. Kila uzinduzi ulitaka jiwe, na kila jiwe lilitaka jina la mgeni, cheo chake, na digrii zake zote hadi ile ya heshima. Mtu anayetoza kwa herufi angepaswa kuwaombea wageni hao maisha marefu na shahada zaidi.

Lakini Nukta alikuwa mlipa kodi pia. Alilipia leseni ya kibanda, ushuru wa kila bamba la marumaru lililopita kwenye kizuizi, na ile kodi iliyojificha ndani ya bei ya sabuni na sukari kama mchanga ndani ya mchele. Majirani walipolalamika kwenye foleni kwamba hawajui hela zao zinakwenda wapi, yeye alinyamaza. Wao walikuwa wanakisia. Yeye alijua, alizichonga kwa mkono wake mwenyewe.

Kilichomuuma zaidi ni zahanati, iliyokuwa hatua mia mbili kutoka kibandani kwake. Mara ya kwanza ilizinduliwa ilipoezekwa. Mara ya pili ilipopakwa rangi. Mara ya tatu ilipowekewa geti, na siku hiyo palikuwa na bendi, na hotuba juu ya geti ikachukua dakika arobaini. Mawe matatu yalikaa ukutani pale mlangoni, yote ya mkono wake. Ndani kulikuwa na kitanda cha kujifungulia kikiwa bado na nailoni ya kiwandani, sinki linalong'aa, na bomba ambalo ukilifungua lilitoa sauti ya mtu anayefikiria. Maji yalikuwepo kisimani nyuma ya jengo. Tangi lilikuwepo juu ya paa. Kilichokosekana ni pampu ya kuyatoa chini na kuyapeleka juu. Chumba cha kujifungulia kilikuwa kimefungwa tangu siku ya kwanza, kwa kuwa kanuni haziruhusu mtu azalishwe mahali ambapo mkunga hawezi kunawa mikono. Kanuni ni nzuri. Wajawazito walipelekwa hospitali kubwa, saa mbili kwa gari, barabara yenyewe ukiwa mzima unafika mgonjwa.

Bintiye Nukta alikuwa ameipita barabara hiyo miaka mitatu nyuma. Mtoto hakungoja kufika. Alizaliwa kwenye kiti cha nyuma cha gari la kukodi, juu ya daraja, dereva akitazama mbele kwa adabu mpaka shingo ikakakamaa. Mtoto alitoka mzima, akaitwa Kidaraja kabla hajapewa jina lingine. Mama yake alivuja damu njia nzima, na walipomfikisha hospitali, mkewe Nukta hakuweza kumtambua mwanawe kwa uso, alimtambua kwa kitambaa cha kichwa. Binti alipona. Lakini tangu siku hiyo Nukta akisikia gari linawashwa asubuhi, mkono wa kushoto unasimama.

Sasa binti alikuwa mjamzito tena. Miezi minane.

Aliyekuwa anamtazama ni nesi wa zahanati, mwanamke mfupi mwenye mwendo wa haraka, ambaye kila mtu alimwita Sista. Alikuwa peke yake pale. Alipima, alidunga, alifagia, na asubuhi alibeba ndoo mbili kutoka kisimani kama mtu aliyeajiriwa na ndoo. Yeye ndiye aliyemwambia Nukta bila kumpaka mafuta kwamba safari hii binti asipande gari. Mwanamke aliyevuja damu mara ya kwanza huweza kuvuja ya pili, na daraja halina dawa. Akamaliza kwa kusema kwamba dawa ya kuzuia damu anayo, mikono anayo, utaalamu anao. Anachokosa ni maji tu.

Hali ilikuwa hivyo mwezi wa sita ulipoingia na Bwana Ratiba akatokea kibandani.

Bwana Ratiba alikuwa afisa wa itifaki wa wilaya, kijana mwembamba aliyevaa koti hata juani, mwenye karatasi iliyopangwa dakika kwa dakika. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa ratiba. Alisema wanahitaji jiwe, la nne, kwa ajili ya zahanati, na shughuli ni tarehe ishirini na nne.

"Safari hii tunazindua nini?" Nukta akamuuliza.

"Zahanati."

"Si ilishazinduliwa, baba?"

"Lile lilikuwa geti, mzee. Safari hii ni huduma."

"Huduma gani?"

Bwana Ratiba akatazama karatasi yake, akaigeuza, akatazama nyuma. "Huduma kwa ujumla," akasema.

Nukta alimwuliza habari ya pampu. Akajibiwa, kwa upole kabisa, kwamba pampu haimo kwenye ratiba. Yaliyomo ni mahema manne, viti mia tatu, fulana mia mbili, keki yenye umbo la zahanati, na njiwa. Nukta akauliza njiwa ni wa kazi gani, akaambiwa ni wa kurushwa. Alitamani kukataa kazi ile. Lakini mtu mwenye binti anayekaribia kujifungua hakatai malipo, na moyoni alishaanza kupiga hesabu ya kupanga chumba karibu na hospitali kubwa, hesabu ambayo kila alipoipiga ilikataa. Akapokea. Jioni akamwambia mkewe kwamba anaona haya, ni kama mtu anayelipwa kuchora picha ya mwizi anayemwibia nyumbani kwake. Mkewe alimwambia ale kwanza.

Siku ya kuandika kwa penseli, mkewe hakuwepo. Jino lilikuwa limemvimbisha shavu na alikuwa nyumbani, kalala, shavu kwenye kitambaa cha maji ya chumvi. Nukta aliweka bamba juu ya meza, akapiga mistari, akaanza. ZAHANATI HII. Hapo binti yake akaingia, anatoka kupimwa, ameshika kiuno, na Sista nyuma yake kambebea mkoba. Binti akakaa juu ya jiwe la kaburi la mtu ambaye familia yake haikuwa imemaliza kulipia. Miguu ilikuwa imevimba. Sista alikuwa anasema wiki tatu, pengine nne. Kisha akaliona lile bamba, akasoma maneno mawili yale, akajua yanayofuata.

"Ya nne hiyo, mzee?"

"Ya nne, Sista. Nisamehe."

"Usiombe radhi, wewe unachonga tu." Akamwinamia binti, akambonyeza kifundo cha mguu kwa kidole kuona kama shimo linajaa. "Zahanati yangu imezinduliwa mara tatu, lakini kuzinduka haijazinduka. Sijawahi kuona mgonjwa anayemwagiwa maji mara zote hizo akaendelea kuzimia."

Binti akacheka mpaka akashika tumbo. Nukta pia akacheka, na huku anacheka mkono wake wa kushoto ukaendelea na kazi, kwa sababu mikono ya mafundi haina tabia ya kusubiri. Wageni walipoondoka, penseli ilikuwa imemaliza. Akawaza kumwita mkewe asome. Akafikiria jino. Akasema moyoni kwamba sentensi hii ameichonga mara tatu, ataikosea vipi? Akaanza na nukta, akarudi nyuma, herufi moja baada ya nyingine, siku nne. Jiwe likapendeza kuliko yote aliyowahi kufanya. Akazipaka herufi rangi ya dhahabu.

Bwana Ratiba alikuja kulichukua tarehe ishirini na mbili, na dereva na blanketi la kufungia. Alisimama mbele ya bamba, akatabasamu, akaanza kusoma kwa sauti ya jukwaani. Tabasamu likaanza kupungua kidogokidogo, kama taa ya kibatari inayoishiwa mafuta.

"Mzee," akasema, "hebu soma hapa."

Nukta akavaa miwani. Jiwe lilisema: ZAHANATI HII IMEZINDUKA RASMI NA MHESHIMIWA, kisha jina, kisha digrii zake.

"Imezinduka," akasema Bwana Ratiba, sauti imeshuka. "Imezinduka rasmi. Na mheshimiwa. Yaani wote wawili walikuwa wamezimia, mzee? Wamezinduka pamoja?"

Dereva alitoka nje haraka, akasikika huko anakohoa kikohozi kirefu ambacho hakikuwa cha mafua.

Nukta alikaa chini. Kwa miaka thelathini na moja hakuwahi kukosea herufi kwenye jiwe, hata ya mtoto mchanga, hata ya mtu asiyempenda. Maandishi ya jiwe hayafutiki. Ukijaza kwa simenti yanaonekana kama kidonda, ukisaga bamba lote linakuwa jembamba linapasuka. Bamba jipya la ukubwa ule hutoka mbali, siku tano likifika mapema. Bwana Ratiba akapiga simu, akapiga nyingine, akavua koti kwa mara ya kwanza tangu watu wamjue. Ikawa wazi kwamba hakuna uzinduzi bila jiwe, maana mgeni rasmi hawezi kuvuta pazia akakuta ukuta. Na mgeni rasmi mwenyewe anasafiri tarehe ishirini na tano, anarudi katikati ya mwezi wa saba. Shughuli ikaahirishwa. Jioni ukaja ujumbe kwamba Nukta afike ofisi ya wilaya kesho yake, atoe maelezo, maana kuna mkubwa mmoja anasema hii ni hujuma.

Usiku ule hakulala vizuri, na asubuhi alipotoka alimkuta Sista anamsubiri njiani, amevaa viatu vya kutokea, na bahasha kubwa ya kaki kwapani. Akamwambia wataenda wote. Alisema neno ni lake, alilisema yeye, na kama ni kufungwa basi wagawane chumba, mwanaume alale karibu na mlango. Nukta hakuuliza bahasha ni ya nini. Alishukuru tu kuwa na mtu pembeni.

Aliyewapokea ni mhasibu wa wilaya, mama aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, mwenye macho mekundu ambayo wahasibu wote huwa nayo mwezi wa sita. Meza yake ilikuwa na mafaili mpaka kwenye kiti cha wageni, kwa hiyo walisimama. Bwana Ratiba alikuwa kwenye kona. Mhasibu alimwuliza Nukta swali moja tu, kama alikusudia.

"Mama, mimi nalipwa kwa herufi," Nukta akasema. "Imezinduliwa ni kumi na mbili. Imezinduka ni kumi. Mtu wa kukusudia angeongeza, asingejiibia mbili."

Mhasibu akahesabu kwa vidole, akarudia, na akacheka kicheko cha mtu ambaye mara ya mwisho kucheka ilikuwa mwezi wa nne. Akaandika kwenye faili kwamba ni kosa la kibinadamu, akagonga mhuri, kisha akaacha kucheka na kuweka kichwa mikononi. Alisema kosa lile si shida yake. Shida yake ni kwamba leo ni tarehe ishirini na tatu. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe thelathini. Hela za mahema, keki na njiwa zimo kwenye fungu, hazijatumika, na uzinduzi hakuna. Siku saba zikipita, zinarudi Hazina. Zikirudi, wilaya inaonekana haikuwa na shida, na mwakani inakatwa.

Hapo ndipo Nukta alipoelewa vizuri nchi ilivyokuwa inaendeshwa. Kila mwaka, mwezi huu, watu wenye akili timamu walikuwa wanakimbizana kutafuta mahali pa kuzitupa hela zake kabla hazijaharibika, kama samaki. Na hatua mia mbili kutoka kibandani kwake kulikuwa na bomba linalofikiria. Alitaka kusema neno, na lingekuwa neno baya, na angelisema kwa sauti. Sista alimgusa kiwiko.

"Samahani, mama," Sista akasema. "Hilo fungu jina lake nani?"

Mhasibu akafungua kitabu, akasogeza miwani. "Kukamilisha na kuzindua zahanati."

"Nisomee tena neno la kwanza."

Mhasibu akaweka kidole juu ya mstari.

"Kukamilisha," akasema mhasibu.

"Hilo neno lina miaka mitano hapo, mama. Kila mwaka mnaliruka mnakimbilia la pili." Akaweka bahasha juu ya mafaili. Ndani kulikuwa na maombi ya pampu moja, yenye sahihi zote zinazotakiwa isipokuwa za pale wilayani, bei za wauzaji watatu kama sheria inavyotaka, na barua ya fundi bomba. Kila baada ya miezi mitatu alikuwa anakwenda kuomba bei mpya, ili siku ikitokea mtu wa kusaini, karatasi isiwe imepitwa na wakati. Alifanya hivyo miaka miwili na nusu, kwa nauli yake, siku zake za mapumziko, bila kumwambia mtu.

Mhasibu alisoma ukurasa kwa ukurasa. Bwana Ratiba akasema taratibu, kama anayejiambia, kwamba fulana zimeshachapwa. Mhasibu akauliza pampu inaweza kufungwa lini. Sista akasema muuzaji wa pili anayo dukani, aliiona kwa macho Jumamosi iliyopita, na fundi yuko tayari hata kesho. Mhasibu akaangalia saa. Ilikuwa saa sita na robo, muda wa chakula, na wenzake walikuwa wanampigia kelele kutoka ukumbini aende. Angeweza kwenda. Angeweza kusema waache karatasi, na karatasi ingekaa pale mpaka tarehe thelathini na moja ambayo mwezi huo haina. Badala yake akafunga mlango, akakaa, akasaini, akachukua karatasi mwenyewe ofisi kwa ofisi mpaka kwa mkubwa wa tatu, na wakamsikia kule ndani akisema kwa sauti ya bibi anayemlisha mjukuu dawa: weka sahihi hapa, na hapa, na hapa.

Pampu ilifika tarehe ishirini na saba, nyuma ya lori la mchanga. Haikuwa na utepe. Fundi bomba na vijana wake walivaa fulana za uzinduzi, zile mia mbili, maana zilikuwepo na ni nguo. Bwana Ratiba alikuja pia, peke yake, bila gari la ofisi. Alisema amekuja kuhakikisha. Baada ya dakika kumi alikuwa ameshika ngazi, na baada ya nusu saa alikuwa juu yake, anapokezana na fundi kule kwenye tangi. Nukta alisimama chini akimtazama kijana yule akiloana mpaka kwenye soksi, na chuki aliyokuwa ameitunza tangu habari ya njiwa ikakosa mahali pa kukaa. Maji yalitoka kwanza ya rangi ya chai, yakapiga chafya, kisha yakawa meupe. Sista alikinga mikono yake miwili chini ya bomba na akabaki hivyo. Hakunawa. Watu wakamwacha.

Lile jiwe Nukta hakulipwa, na hakudai. Aliligeuza, na upande wa pili akachongea duka la miwani.

Binti alishikwa na uchungu tarehe kumi na saba ya mwezi wa saba, saa mbili asubuhi. Alitembea kwenda zahanati kwa miguu yake, mama yake mkono mmoja, Nukta mwingine. Wakamwingiza kwenye chumba kile, kitanda kimeshavuliwa nailoni. Nukta alibaki nje, kwenye benchi, chini ya mawe yake matatu, ambayo siku hiyo hakuweza kuyatazama. Saa nne na nusu mtoto alilia. Akainuka. Mlango haukufunguliwa. Akasikia sauti ya Sista imebadilika, imekuwa fupi, inamwambia mkewe shika hapa, bonyeza, usiachie. Alijua ni damu. Alisikia bomba linafunguliwa, maji yanakwenda, yanafungwa, yanafunguliwa tena. Alisimama na paji la uso ukutani, akasikiliza maji yale kama mtu anayesikiliza matokeo redioni. Aliposimulia baadaye, alisema hakuomba dua yoyote, alikuwa anasema endelea, endelea, na hajui alikuwa anamwambia nani, pampu au binti.

Baada ya dakika ishirini na tano Sista alitoka, mikono imelowa mpaka viwiko, safi. Akasema damu imesimama. Binti yuko sawa, amechoka, anataka chai, na mtoto ni wa kiume na ana kelele kama mwanasheria.

Jioni ile Nukta na mkewe walizozana kidogo nyumbani. Alikuwa amekwisha kulia, na mwanaume akimaliza kulia hutafuta ubishi. Alisema haoni sababu ya kuwashukuru watu kwa kumpa kitu chake. Pampu imetoka kwenye ushuru wa mabamba yake na sukari ya mkewe. Miaka mitano wamekaa nayo mfukoni, wamerusha njiwa, na kama si penseli yake kuteleza binti angekuwa darajani tena. Hivi mtu anarudishiwa pochi yake halafu anapiga magoti? Mkewe alimwacha amalize. Shavu lake lilikuwa limepona na alikuwa na nafasi ya kuzungumza.

"Hela ni zetu, nimekubali," akasema. "Miguu ilikuwa ya Sista. Yule mama mhasibu alikuwa na njaa na akafunga mlango. Kijana wa watu alipanda ngazi na suruali ya ofisi. Hivyo navyo uliwalipia kwenye sukari?"

Nukta akatoka uani, akaanza kuchagua jogoo.

Kesho yake alikwenda zahanati na jogoo. Sista akamkataza jogoo asiingie, kanuni haziruhusu, na zawadi nazo haziruhusiwi. Lakini akasema kama mzee ana shukrani kweli, kuna kitu. Akamwonyesha bahasha mpya ya kaki, bado nyembamba. Alikuwa anaanza kuomba nesi wa pili. Alisema maombi yanakwenda vizuri yakiwa na barua ya mwananchi, na mwandiko wa mzee kila mtu wilayani anaujua. Akampa karatasi tatu na kalamu, akamketisha kwenye meza ya kupimia uzito wa watoto, na yeye akaenda kumtazama binti na mtoto.

Aliporudi baada ya saa nzima, Nukta alikuwa kwenye karatasi ya pili, ulimi umetoka kidogo pembeni, mkono wa kushoto umepinda kuikumbatia kalamu. Sista akasoma juu ya bega lake, mstari kwa mstari, mpaka mwisho.

"Mzee, ukurasa wa pili huu na bado unashukuru. Ombi liko wapi?"

"Linakuja, mama," akasema bila kuinua kichwa. "Nimemaliza mhasibu. Bado kijana wa ngazi, fundi bomba, na yule dereva wa lori la mchanga. Wewe nimekuweka karatasi ya tatu, kwa hiyo niongezee nyingine."